Mshenga Asiye na Kwao

Mhunze, Kishapu
9 Februari 2025

Mwanangu Noela,

Mwangaluka. Pokea salamu nyingi za mama yako, nyingi kama mtama wa mwaka huu, maana mtama wangu umestawi hadi wapita njia wanasimama kuuliza ni wa nani. Tuko wazima. Mjomba wako Makoye ni mzima na bado ni mkali, anagombana na kila jirani juu ya mpaka. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa jike. Wa Scolastika amezaa dume. Sikusema kitu, nilimpa hongera tu na kutabasamu kidogo.

Nimekupigia simu wiki nzima, haipatikani. Nikaona isiwe tabu, nimenunua karatasi. Usicheke mwandiko wangu, la saba la enzi zetu lilikuwa la saba kweli. Barua naikabidhi kwa Nasibu, kondakta wa basi la Geita. Amesema Katoro anapajua na Mama Ntilie Noela anamjua, eti hata supu yako ameshakunywa. Nilifurahi sana, nikamwambia hiyo supu nilikufundisha mimi.

Sasa jambo lenyewe, kaa chini kwanza. Mwanangu, kuna watu wameanza kukuulizia.

Jumanne nilikuwa shambani napalilia, simu ikalia. Kijana, sauti laini, Kiswahili cha mjini kisicho na haraka. Akaniamkia vizuri, akauliza kama mimi ndiye mama mzazi wa Noela. Akataka kujua siku hizi uko wapi, unafanya kazi gani, una mali gani, ndugu zako wa karibu ni akina nani, na ni nani hapa kijijini mwenye heshima anayeweza kukuelezea. Mimi si mtoto, Noela. Mshenga hafiki siku ya kwanza akasema nimekuja kuposa. Huzunguka, huchunguza ukoo. Baba yako, Mungu amrehemu, alipotaka kunioa, walimtuma mzee mmoja akaja kwetu akidai anatafuta ndama aliyepotea. Alikaa hadi jioni, ndama hamtaji tena, anauliza tu kama mimi huwa naamka mapema.

Basi na mimi sikukuangusha. Nilimwambia una karasha lako hapo Katoro, linasaga mawe ya wachimbaji usiku na mchana. Najua si lako, najua unapika tu pembeni yake, lakini hakuna anayemposa binti kwa kusifiwa sufuria. Nikampa namba ya mjomba wako, ya mtemi wetu wa sungusungu, Mzee Masalu, na ya Katekista Stanslaus, nikamwambia waulize hao wote. Nikasikia anaandika. Hata jina lake hakutaja, nikajua ndiyo washenga wa siku hizi. Aliuliza kama huwa unalipa madeni, nikamwambia mwanangu hadaiwi hata chumvi.

Nijibu upesi uniambie ni watu wa wapi, maana zizi letu upande mmoja limeanguka na ng'ombe hawapokelewi kwenye zizi bovu.

Ni mimi mama yako mwenye furaha,
Martina


Katoro, Geita
27 Februari 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipata, Nasibu kaileta hadi jikoni. Nimefurahi kusikia habari za mtama na ndama. Huku mvua imezidi, maduara mengine, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, yamejaa maji, wachimbaji wamekaa tu, na asiyechimba hanunui chakula. Rhoda, rafiki yangu ninayekaa naye, anakuamkia.

Mama, yule kijana si mshenga. Ni mdai.

Mwezi wa kumi na moja nilikopa kwa simu. Ni ile mikopo ambayo huendi ofisi yoyote, unabonyeza tu, wanauliza unakubali, unakubali, na fedha zinaingia kabla chai haijapoa. Sikusoma nilichokikubali. Kumbe nilikubali wachukue majina yote yaliyo kwenye simu yangu. Siku ya kulipa ikanikuta sina, nikaomba muda. Hawakunipa, wakaanza kuongeza juu, na wakaanza kuwapigia watu. Waliwapigia wateja wangu, wakampigia fundi aliyenishonea nguo ya Krismasi. Ndiyo maana laini nimeitupa.

Lakini habari za karasha hazikuwa kwenye simu yangu. Mwenye karasha anaitwa Donatus. Walimtafuta wakampata, wakamwambia kuna mwanamke anajiita mmiliki mwenzake na anakopa kwa jina la mashine yake. Alikuja jikoni mbele ya watu, akasoma ule ujumbe kwa sauti, kisha akaniambia nihamishe mafiga yangu. Nimehama. Sasa napika na Rhoda upande wa stendi, na wateja wa kule bado hawajanifuata.

Sikulaumu. Naomba mambo mawili tu. Namba usiyoijua usipokee. Na usiuze mnyama yeyote kwa ajili yangu. Fedha zilikuwa za nini, usiniulize, mama. Sikuzifanyia ubaya.

Mwanao,
Noela


Mhunze
16 Machi 2025

Noela mwanangu,

Natumaini hujambo. Huku hatujambo kwa mwili. Mtama unaanza kutoa vichwa na ndege wameshajua, kutwa niko shambani nawapigia kelele. Nimekuwekea michembe kidogo ya viazi vikavu kwa Nasibu, ukipika weka karanga.

Umesema hunilaumu. Mtu asiyelaumu hasemi. Lakini na mimi ningejuaje? Mtu anauliza ukoo wako, anauliza tabia yako, anasema shikamoo, halafu awe mdai? Zamani mdai alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akanywa maji, akasema nimefuata kitu changu. Ulimwona uso.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Ujumbe umekuja, kwangu na kwa wote niliowataja. Mzee Masalu ameupata, Katekista ameupata, mjomba wako ameupata. Herufi kubwa tupu. Unasema Noela ametoroka na fedha za kampuni, Noela ni mwizi, wewe ndugu yake mwambie alipe. Wameweka na picha yako, ile ya kitambulisho, uliyokunja uso.

Nilipofika kisimani wanawake walinyamaza. Scolastika akanisogezea ndoo yake nichote kwanza, kwa upole. Noela, huyo mwanamke hajawahi kunipisha tangu tuolewe hapa, na upole wake ulinichoma kuliko kama angenitukana.

Umekaa Geita miaka mingi, labda umesahau. Huku ukisema fulani anadaiwa, watu wanacheka, wanaendelea kula. Ukisema fulani ni mwizi, hilo limeshafika kwa sungusungu. Mtemi hawezi kulikunja akaliweka mfukoni, lazima aite watu lisikilizwe. Na likithibitika, nyumba inatengwa. Hakuna wa kuja kwako kuomba moto wala wa kukupa, na ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Wewe hutakanyaga tena hapa, na mimi nitabaki kuongea na kuku.

Anayepiga kelele kuliko wote ni Makoye, mdogo wangu wa tumbo moja, mjomba wako wewe. Anazunguka vilabuni anasema umewatia aibu, eti kama ni binti yake angekuleta kwa kamba. Simwelewi.

Nimeamua yule ndama na mama yake niwapeleke mnadani niimalize hii habari. Nitumie namba yako mpya tupange.

Mama yako,
Martina


Katoro
6 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Michembe imefika, tumeila siku hiyohiyo, Rhoda anasema ulete gunia. Biashara imeanza kusogea. Wale vijana wa duara la juu wamegundua niko wapi, wanakuja na bakuli zao.

Usiuze ng'ombe. Nakuomba kwa jina la baba. Ukilipa wewe, watajua kwamba njia ya kunidai mimi ni kukutia aibu wewe, na kesho watafanya hivyo kwa mama mwingine. Deni ni langu. Kile nilichokopa, pamoja na faida tuliyokubaliana, nakilipa kidogokidogo, na risiti ninazo. Ninachokataa ni yale waliyojiongezea, na kunitangaza.

Rhoda alinipeleka kwa mama mmoja msaidizi wa sheria, anakaa karibu na soko. Alinisikiliza bila kunikatisha. Akasema anayekudai ana haki ya kukudai wewe, akitaka akupeleke hata mahakamani. Lakini deni lako ni habari yako. Mtu ambaye hakukudhamini hana sababu ya kuambiwa, awe mama, awe mjomba, awe mtemi. Kuna sheria ya kulinda taarifa za mtu na kuna Tume ya kupelekewa malalamiko. Tumeandika, tumetuma na ile picha. Alinionya nisitegemee jibu la kesho.

Mama, namba mpya sitakupa kwa sasa. Nimeandika hili mara tatu na kulifuta. Ukiulizwa habari zangu na mtu anayenisifia, huwezi kunyamaza. Ni kwa sababu unanipenda, najua. Lakini ndivyo ilivyo.

Nakuombea afya,
Noela


Mhunze
20 Aprili 2025, Pasaka

Noela,

Pasaka njema. Nilikwenda kanisani na kitenge ulichonitumia mwaka juzi. Nilikaa benchi la mbele kama siku zote. Nyuma yangu kulikuwa na nafasi ya kutosha watu wanne, hawakuja kukaa.

Kuhusu namba, sawa. Sina la kusema. Nilikuwa na la kusema, nikajaza ukurasa mzima, nikauwashia moto wa mlenda.

Mkutano umepangwa Jumapili ya kwanza ya Juni, kwenye godauni la pamba. Mzee Masalu alikuja mwenyewe kunipa taarifa. Hakukaa wala hakunywa maji, ila alivua kofia. Amesema usije, vijana wa ulinzi damu inachemka, afadhali nisimame mimi. Nitasimama. Sijawahi kushindwa kusimama mbele ya watu.

Sasa kuna jambo nataka kukuandikia taratibu. Juzi mjomba wako alipita hapa kwa baiskeli. Nikamwangalia hadi akapotea. Noela, Makoye hajapanda baiskeli miaka mingapi? Alikuwa anaisukuma tu, anatembea kama mtu aliyebeba mtungi kati ya miguu, na sisi wote tulijifanya hatuoni, maana ule ugonjwa wa mshipa mwanaume hautaji hata kwa dada yake. Halafu mwezi wa kumi na moja akaaga anakwenda Geita kutafuta maksai. Akakaa huko wiki mbili na zaidi. Akarudi amekonda, bila maksai, bila hata mkia wa maksai. Akawa anakaa upandeupande. Mwezi wa kwanza akapanda baiskeli.

Na wewe ulikopa mwezi wa kumi na moja.

Sikuulizi. Nakueleza tu nilichokiona kwa macho yangu. Lakini nikilitamka hili pale godauni, mbele ya watu wote, limekwisha. Kila mtu atajua mwanangu ni wa namna gani, na yule anayetaka kukufunga kamba atatafuta pa kuuficha uso. Sijalala vizuri tangu nilijue. Niko jikoni nalisema, niko shambani nalisema, kuku wote wa hapa wameshalisikia. Niambie kama naruhusiwa, jibu lifike kabla ya Juni.

Mama


Katoro
11 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa kunifikia na mimi nimechelewa kuijibu, nisamehe. Nilianza kwa hasira, nikaacha. Hapa tuko salama. Deni lile la msingi nimelimaliza wiki iliyopita na nimepiga picha risiti zote. Ujumbe bado wanatuma. Tume bado haijajibu.

Usiseme, mama.

Sikwambii kama umeona sawa au umeona vibaya. Nasema tu kwamba mtu akikuambia jambo lake, akiwa amegeukia ukutani kwa aibu, akakuomba lisifike nyumbani, limekuwa lake na lako, basi. Najua anavyopiga kelele. Anaogopa, na mtu anayeogopa hupiga kelele upande wa pili. Mimi wale watu wamenianika. Siwezi kujifunika kwa kumwanika mwingine. Nikifanya hivyo, sina tena cha kuwalalamikia.

Kama watanitenga, wanitenge. Nitakuhamishia huku, utapika supu, utanipita kwa wateja.

Naomba hii ikufikie kwa wakati.

Noela


Mhunze
6 Juni 2025

Mwanangu, mwanangu Noela,

Mwangaluka tena na tena. Mimi mzima. Mtama nimeanika, gunia nimepungukiwa, lakini mtama ni mtama. Nikusimulie kwa mpangilio, maana nikianza na mwisho nitavuruga.

Jumapili watu walijaa godauni hadi nje kwenye mizani. Nilivaa vizuri. Mzee Masalu akasoma ule ujumbe neno kwa neno, na katibu wake, Enock, akawa anainua simu watu waone picha. Kisha akauliza nani ana la kusema. Akasimama mjomba wako. Alisema umewachafua, ukoo mzima sasa unaitwa wa wezi, adhabu ipite. Alisema hayo yote akiangalia juu ya mabati, sehemu moja tu.

Nilikuwa na neno moja mdomoni, Noela. Lilikuwa kubwa kama kiazi cha moto. Enock akanigeukia, kwa wema kabisa, akasema Mama Noela, tuambie tu binti alizifanyia nini hizo fedha, ukitueleza tutakuelewa, na haya maneno tutayapunguza. Makoye akashusha macho kutoka kwenye mabati, akaniangalia. Nilimwona alivyokuwa mdogo, nilipokuwa nambeba mgongoni kwenda kisimani.

Nikasema, "Deni ni la mwanangu na sababu ni ya mwanangu. Mimi sitaisema hapa."

Wakacheka. Mmoja wa nyuma akasema leo kweli mvua itanyesha kiangazi, Mama Noela hana la kusema juu ya Noela. Niliwaacha wacheke, halafu nikamwambia Mzee Masalu kwamba nina swali la kawaida yetu sisi wenyewe. Ng'ombe akiibwa, anayelia mwizi husimama, akataja jina lake na kwao, akaonyesha nyayo zilikoelekea. Hatujawahi kumfunga mtu kwa kilio kisicho na mwenyewe. Huyu aliyelia yuko wapi?

Unamjua Masalu, ni mgumu kama gogo, lakini utaratibu anaupenda kuliko mke wake. Akasema hilo ni kweli. Akachukua simu, akaipigia ile namba, akaweka sauti ya nje. Akapokea kijana, sauti ileile laini niliyoiita ya mshenga. Masalu akajitambulisha kwa jina, kwa baba na kwa kijiji, akamwambia watu wamekaa kusikiliza shauri lake, naye ataje jina na kwao.

Kijana akasema yeye ni afisa wa kampuni. Masalu akasema hajauliza kazi, ameuliza jina la baba. Kijana akakohoa, akasema, "Mzee, hizo ni taarifa zangu binafsi, siruhusiwi kuzitoa."

Masalu aliitazama simu kama mtu aliyeokota kitu na hajui ni cha kula au cha kutupa. Kisha akasema, taratibu, "Za kwako huruhusiwi. Za binti wa watu umetuletea kijiji kizima." Simu ikakatwa. Akapiga tena, haikupokelewa. Akapiga mara ya mwisho, ikawa haipatikani.

Basi akahukumu. Hakuna mlalamikaji, hakuna wizi. Kuna deni, na deni ni la wawili waliokopeshana, sungusungu halimhusu. Atakayekuita mwizi tena hapa kijijini atasimama yeye aonyeshe nyayo. Nyumba haitengwi.

Usidhani wote wameridhika. Wapo wanaosema sheria imepindishwa kwa sababu Masalu alikuwa rafiki wa baba yako. Na kesho yake asubuhi ujumbe mwingine ulikuja, kwa namba nyingine, safari hii hadi kwa muuza chumvi. Watu wameufuta, sijui kama wote. Bado moyo wangu unaruka simu ikilia.

Watu walipotawanyika Makoye alibaki kwenye ngazi za godauni. Nikapita. Akaniita, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, ulikuwa unajua?"

Nikamwambia, "Najua nini?"

Halafu akasema zizi langu upande mmoja limeanguka, atakuja kulisimamisha. Nikamwambia aje. Amekuja siku zote tangu hapo, anachimba mashimo ya nguzo, anakula, anaondoka. Kama atakutafuta wewe, hilo ni lenu.

Barua yako ya Mei nimeipata leo. Basi liliharibika Kahama, mizigo ikahamishwa, Nasibu akaikuta chini ya magunia ya dagaa, na bado inanuka. Nimeisoma nimesimama. Kwa hiyo ujue kwamba Jumapili sikuwa na ruhusa yako wala katazo lako. Nilikuwa na mdomo wangu tu, na wewe unaujua mdomo wangu.

Jioni hii Scolastika amekuja, kwa mara ya kwanza tangu Machi, akaomba moto. Nikampa. Akakaa. Akauliza kwa ile sauti yake ya kutafuta, je, Noela naye yukoje huko, anafanya nini siku hizi.

Nikamwambia mzima.

Alisubiri niendelee. Sikuendelea.

Mama yako,
Martina